Brauza Iliyosahau Swali la Bosco

Kosa langu la kwanza kazini nalitaja mapema, lisije likapata pa kujificha: nilimwambia mteja kwamba aliyekaa kwenye kompyuta ile kabla yake alikuwa kaka yake. Ilikuwa sentensi fupi. Niliitamka nikitabasamu, nikiamini natoa huduma nzuri.

Neema na Imani, mnaochukua kiti changu dukani, nawaandikia ninyi. Najua mtacheka nikisema nimestaafu. Sina mvi hata moja, na watu wa umri wangu wengi bado wanazunguka na vyeti kuomba kazi. Lakini mimi kazi hii ya duka la intaneti niliianza mara tu nilipotoka kidato cha nne, na macho yangu yamechoka kabla yangu. Naenda Rujewa kwa baba mkwe, kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Mpunga hauna siri. Karatasi hizi nimeziandika na kuzichana mara nyingi, na hizi mlizoshika hazizidi uzuri zile zilizochanwa. Nimejizuia tu.

Bi Rukia, ambaye ninyi mnamjua kama mwenye duka la Mbeya anayepiga simu kuliko anavyokuja, alinipokea kwenye steshenari yake ya Iringa, jirani na soko. Babu zake walikuja kutoka pwani na biashara ya nguo. Yeye alirithi duka, ulimi, na Kiswahili ambacho sisi wa huku hatukunyonya. Upande mmoja aliuza madaftari na kalamu, upande wa pili kanga, na katikati ukutani alipanga kompyuta kuukuu alizozinunua kutoka ofisi iliyofungwa. Siku ya kwanza nilimwambia ukweli kwamba sikusomea kompyuta popote, nimejifunza mwenyewe kwa kufungua na kufunga.

"Ukifungua, kufunga unaweza?" aliniuliza.

"Mara nyingi, Bi."

"Na hizo mara nyingine?"

"Nilizificha."

Alicheka mpaka kanga ikamdondoka begani. "Basi kaa. Anayejua kuficha anajua pa kutafuta."

Nilikaa, ila kukaa kwenyewe kulinipa shida. Nilikuwa nafika kabla duka halijafunguliwa. Nilifuta kibodi kwa kitambaa chenye spiriti, nikanyoosha nyaya, nikasogeza viti vyote vilingane na ukuta, kisha nikarudi mlangoni kutazama kama vimelingana. Bi Rukia aliponikuta nimechuchumaa napima kwa rula nafasi ya kiti na kiti, alisema, "Zakayo, wewe ukialikwa harusini utaunyoosha mkeka mpaka pilau ipoe."

Kazi yenyewe mnaijua. Mtu anataka kuangalia matokeo ya mtihani ya mwanawe, mwingine anaomba chuo, mwingine anataka umfungulie barua pepe na paswedi umchagulie wewe, kisha akija mwezi ujao akuulize wewe paswedi yake ni nini. Kompyuta zote zilikuwa na brauza ile ya wengi, ambayo kila mtu akisikia intaneti ndiyo anayoiona kichwani. Kwa atakayesoma hizi bila kuijua kazi yetu: brauza ndio mlango unaoingilia mtandaoni, na injini ya kutafutia ndiye mwenyeji unayemuuliza maswali ukishaingia. Mlango ule wa wengi ulikuwa na kumbukumbu kali. Ulishika majina, paswedi, na kila swali lililowahi kuandikwa, na mtu mpya akianza kuandika herufi chache, maswali ya waliomtangulia yalishuka chini ya kidole chake kama karanga zilizomwagika. Wateja walifurahia. Mzee mmoja aliandika herufi ya kwanza ya jina lake, jina zima likajitokeza, akageukia wenzake kwenye foleni na kusema, "Mnaona? Mimi hapa najulikana."

Mimi pia nilifurahia. Niliona ni kompyuta yenye adabu.

Sasa nije kwa ndugu wawili. Bosco na Lameck walikuwa watu wa Kalenga, watoto wa baba mmoja na mama mmoja. Baba yao alikuwa ameshafariki na kuwaachia shamba kando ya mto, na kaburi lake liko kichwani mwa shamba hilo. Bosco, mkubwa, alifanya kazi Mafinga kwenye kiwanda cha mbao na kila alipokuja alikuwa na vumbi la mbao masikioni. Lameck alibaki nyumbani analima nyanya. Walikuja dukani pamoja siku za soko, wakitaniana. Bosco alimwita mdogo wake Bwana Tenga, kwa sababu ya matenga ya nyanya. Lameck alimwita kaka yake Mchwa.

Siku moja Bosco alikuja peke yake. Hakutania. Alikaa kwenye mashine ya dirishani muda mrefu, akiwa ameinamia kioo, akalipa, akaondoka bila kusubiri chenji. Siku chache baadaye akaja Lameck, naye peke yake, nyanya zake zinanyauka na anataka dawa. Kiti kilichokuwa wazi ni kile cha dirishani. Akaanza kuandika "jinsi ya ku", na mashine, kwa adabu yake, ikamletea iliyokuwa nayo.

"Fundi, hebu njoo. Hii kitu inaandika yenyewe?"

Nikaenda. Kwenye kioo palikuwa pameshuka maneno haya: jinsi ya kuuza shamba la urithi bila ndugu kukubali. Chini yake: bei ya shamba la mtoni Kalenga Iringa.

Nikamweleza, kwa fahari ya mwalimu, kwamba haiandiki yenyewe, inakumbuka walioandika.

"Nani ameandika?"

"Hapa dirishani? Kaka yako alikuwa hapa juzi."

Aliyasoma maneno yale tena, midomo ikitembea. Dawa ya nyanya hakuitafuta. Kabla jua halijazama, sokoni pale mbele ya wauza vitunguu, nilimsikia akipiga kelele kwenye simu, "Unauza kaburi la baba, Bosco! Kaburi!" Watu walisimama kumtazama. Mimi nilikuwa mlangoni na kitambaa changu cha spiriti mkononi.

Usingizi ulinikimbia kwa siku nyingi. Nilijiuliza ni watu wangapi wengine wamelala ndani ya mashine zile, kila mmoja akisubiri ndugu yake aandike herufi mbili. Basi nikafanya ninachokifanya nikiogopa: nikasafisha. Nilianza na mashine ya dirishani, nikafuta kumbukumbu zote, nikaipanga upya kutoka mwanzo, nikaendelea hadi ya mwisho. Kisha nikaanza kutafuta mlango mwingine.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba brauza zipo nyingi, nyingine zimetengenezwa na vikundi vya watu wachache wasiojulikana hata kwao. Nilizipakua moja moja kwa bando langu, au niliomba kwenye flashi kwa wanafunzi wa chuo. Moja ilikuwa nyepesi kama unyoya lakini ilionyesha kurasa kama chungu kilichovunjika. Nyingine ilikuwa nzuri, ila ikifungua karatasi ya matokeo inazimika. Nilizipa zote maswali yaleyale na kusimama nyuma yake kama msimamizi wa mtihani. Mwishowe nikabaki na moja yenye alama ya jani la kijani. Ukiifunga, inasahau kila kitu. Ukiifungua, imezaliwa upya. Ndani yake niliweka injini ndogo ya kutafutia, isiyohifadhi maswali na isiyobahatisha majibu kulingana na aliyeuliza. Mimi na askofu tukiuliza jambo moja tunapewa jibu moja.

Kwa lile jani, wateja waliita brauza yangu Kisamvu.

"Fundi, leo tena unatulisha Kisamvu?"

"Ndiyo, mama."

"Nyama lini?"

Mimi sikujali. Nilikuwa na furaha kali, ile ya mtu aliyetubu kabla ya kukamatwa. Na wiki ileile Bosco alirudi. Aliinama kwenye kaunta, macho mekundu, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Fundi, vile vitu nilivyosoma siku ile, bado vipo humo?"

"Havipo kaka," nikamwambia. "Nimefuta vyote. Sasa hata mimi siwezi kuviona. Hata polisi hawawezi. Nimekuwekea usalama."

"Umefanya vizuri," akasema, akatoka.

Nilichukua maneno yale kama shukrani. Kwa miaka niliwasimulia watu kisa hicho kama mfano wa huduma: mteja alikuja na hofu ya siri yake, akakuta nimeshaifuta.

Nisijifanye kwamba Kisamvu kilikuwa hakina dosari. Kiswahili kilikisumbua. Ukiiuliza ile injini ndogo bei ya mahindi Iringa, inakupa picha za mahindi. Ukiandika Kalenga tu, inakupeleka Kalenga ya nchi nyingine. Niliwafundisha wateja kuuliza kama wanavyomwelekeza mgeni asiyejua njia: jambo, mahali, mkoa, nchi. Wengine walichoka. Walivuka barabara kwenda duka la pili, lenye mlango wa wengi, wakirudi kwetu kwa kutoa kopi tu. Bi Rukia aliwahesabu kwa macho akiwa amekaa kwenye kanga zake.

"Mwanangu," aliniambia, "unawalinda vizuri sana. Karibu tutabaki na wewe tu wa kulindwa."

"Nirudishe ile ya zamani?"

"Nimesema hivyo? Nimesema waambie kwa nini. Mtu akipewa mboga asiyoijua bila maelezo, anadhani nyama imeliwa na mpishi."

Nikajifunza kusema. Kila aliyekaa nilimweleza kwa ufupi: ukitoka hapa, mashine haitakukumbuka. Ajabu ni kwamba sauti zilibadilika. Mwalimu mmoja wa kike alisogeza kiti karibu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakunigeuzia kioo kukificha. Dada wa mgahawa wa jirani akaanza kuja saa za mchana, watu wachache, na kukaa muda mrefu. Sijui aliuliza nini. Kutojua huko kulinipa amani kidogo, na amani kwangu ni kitu cha kukopa.

Baadaye Bi Rukia alifungua duka la pili Mbeya, Mwanjelwa, hili mnalolikalia, akanituma mimi. Nilikuja na mashine mbili kwenye maboksi na Kisamvu kwenye flashi mfukoni. Nilitoka kwenye mji wa salamu ya kamwene nikaja kwenye mji wa ugonile, na kwa majuma mengi niliwasalimia watu kwa lugha isiyo yao, wakacheka, nikawaandikia barua zao wakanisamehe.

Kazi ngumu ya hapa iliniletea fundisho la upande wa pili. Alikuja binti anaitwa Kabula, wazazi wake ni wafugaji waliohamia bonde la Usangu kutoka kaskazini. Alikuwa anaomba chuo cha uuguzi. Tovuti ya maombi ilipoona Kisamvu ilikataa kufungua kurasa fulani, ikitaka mlango unaotambulika. Mimi kwa ubishi nikaitafutia njia ya kuizunguka, ikakubali. Kabula akajaza tangu asubuhi: majina ya wazazi, shule, alama, kata, kijiji. Karibu na mwisho umeme ukakatika. Ulipowaka, Kisamvu kilikuwa kimezaliwa upya.

"Kwa hiyo haijui hata jina langu?" aliuliza.

"Haijui."

"Kaka, nimekaa hapa tangu asubuhi. Hata mbwa angenijua."

Watu wote dukani walicheka, na mimi nikatamani kuingia chini ya meza. Ikabidi tuanze upya, safari hii kwa brauza ya wengi, na tukamaliza. Kutoka siku hiyo ndipo ikatokea ile mashine ya pembeni mnayoiita Mheshimiwa. Ina mlango wa wengi, ni ya maombi marefu na tovuti zenye maringo tu, na mteja akimaliza mnafuta kumbukumbu yeye mwenyewe akiwa anatazama. Msiiguse kabla hajaona. Msimwambie "nitafuta baadaye". Baadaye ndiyo iliyonikuta Iringa.

Miaka ikapita hivyo, mpaka asubuhi moja lori la mbao likasimama ng'ambo ya barabara na Bosco akashuka. Amenenepa kidogo, vumbi lilelile masikioni.

"Kamwene, fundi."

"Kamwene, kaka Bosco!" Nikamvutia kiti. Nikaanza kumwonyesha duka, Kisamvu, Mheshimiwa, kama mtoto anayeonyesha madaftari. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Siku ile ulipofuta," akasema, "ulifuta kabisa? Hakuna mahali inabaki? Huko juu kwenye mtandao?"

"Hakuna. Nilipanga mashine upya. Kwa nini?"

Akakaa. Akaniambia, na mimi nawaambia kama alivyosema, kwa sababu sijaweza kuyapunguza. Baba yao mdogo alikuwa amemwambia kwamba shamba la mtoni litauzwa, wao wakubali wasikubali, na kwamba anajua njia. Bosco hakumwamini wala hakujua sheria. Akaja dukani kwetu kuitafuta njia hiyo aione yeye kwanza. Akauliza kwa maneno ambayo mwizi angeuliza, kwa sababu alitaka kujua mwizi anapita wapi. Kisha akauliza bei, ajue ni kiasi gani kinamtia baba mdogo wazimu. Kisha akaendelea kusoma mpaka akafika mahali panapoeleza namna ya kuweka pingamizi.

"Niliporudi kwako," alisema, "nilitaka nimlete Lameck nimkalishe palepale dirishani. Aone nilipoanzia na nilipoishia."

"Na mimi nikakuambia nimefuta."

"Ukaniambia kwa furaha, fundi. Ningesema nini?"

"Si ungemweleza mwenyewe?"

"Nilimweleza. Aliniambia mtu ana sababu ya kudanganya, mashine haina."

Wakati wote ule niliopita nikisimulia kisa changu cha huduma, ndugu hawa walikuwa wamechimba mfereji katikati ya shamba, kila mtu upande wake, na msibani wanakaa mikeka tofauti. Sasa baba mdogo alikuwa ameleta mnunuzi. Kikao cha ukoo kilipangwa Jumapili hiyo. Na Lameck alikuwa ametangaza kwamba atakubali kuuza, maana ni afadhali auze mbele za watu kuliko kuuziwa kisirisiri na kaka yake. Bosco peke yake akipinga, wazee wangemwona ndiye tatizo. Lameck akikubali, shamba limekwenda, na kaburi ndani yake.

Nikajaribu, ingawa nilijua. Nilikaa kwenye kompyuta nikasoma habari za kurejesha vilivyofutwa, Bosco nyuma yangu amesimama na kofia mkononi. Hakukuwa na kitu. Nilikuwa nimefanya kazi yangu kikamilifu, na ndiyo mara pekee maishani niliyotamani ningekuwa mvivu.

Nikampigia Bi Rukia. Nilimweleza haraka, bila kupumua.

"Mashine imesahau," alisema. "Wewe je?"

"Mimi sikuona alichosoma, Bi. Siwezi kuwa shahidi."

"Sikuulizi alichosoma. Ulichomwambia mdogo wake, umekisahau?"

"Hapana."

"Basi nenda ukaseme hicho. Na ukifika usianze kunyoosha mkeka."

Nikafunga duka mchana, jambo ambalo sikuwahi kulifanya, nikapanda basi la Iringa. Kesho yake nilikuwa Kalenga.

Lameck nilimkuta shambani anapanga nyanya kwenye matenga, mbichi chini, zilizoiva juu, kwa ajili ya safari. Hakuonekana kushangaa kuniona. Alishangaa viatu vyangu.

"Fundi wa mjini. Hivyo viatu utavizika hapa."

"Shikamoo kaka Lameck."

"Marahaba. Amekutuma?"

"Alikuja kwangu. Kuja huku nimejituma."

Aliendelea kupanga nyanya. Nikamwambia nikiwa nimesimama. Nikasema kwamba siku ile sikupaswa kumtaja kaka yake, kwamba sikujua Bosco anatafuta nini wala kwa nini, na bado nikamtaja kana kwamba najua. Nikasema kwamba Bosco alirudi akitaka yasomwe yote, mpaka mwisho, na kwamba mimi ndiye niliyeyafuta.

"Kwa hiyo ushahidi hauna."

"Sina."

"Alisoma mpaka mwisho au aliishia pale pabaya, hujui."

"Sijui."

"Umetoka Mbeya kuja kuniambia hujui."

"Ndiyo."

Alicheka kidogo, kicheko kikavu. Kisha akajifuta mikono kwenye suruali na kunyoosha kiganja. "Lete simu yako. Niandike yale maneno. Nataka niyaone tena."

Mtandao pale chini mtoni ulikuwa hafifu, tukapanda hadi kichwani mwa shamba, karibu na kaburi, ndipo ukashika. Nilimfungulia Kisamvu, nilichokuwa nimekiweka hata simuni. Lameck akaandika "jinsi ya ku", akasimama, akasubiri. Kioo kikabaki cheupe.

"Mbona haileti?"

"Hii haikumbuki mtu. Lazima uandike mwenyewe."

Akanitazama, akatazama simu. Akaanza. Vidole vyake vilikuwa na udongo na utomvu wa nyanya, kila herufi aliigonga mara mbili. Kuuza. Shamba. La urithi. Alipofika kwenye neno ndugu alikosea, akafuta, akaliandika tena. Ilimchukua muda. Sentensi ambayo mwanzo aliipata tayari imepikwa, sasa aliiandika yote, neno kwa neno, kama mwenye swali. Nilisimama pembeni nikishika mikono yangu isimsaidie.

Majibu ya kwanza yalikuwa matangazo ya mashamba ya kuuza. Hiyo ni kawaida ya injini yangu na niliona aibu. Akashusha. Jibu lililofuata lilikuwa la watu wa msaada wa sheria, kwa Kiswahili rahisi, likisema kwamba shamba la urithi haliuzwi mpaka wenye haki waridhie, na asiyeridhia anaweza kuweka pingamizi, na hapo chini maelezo ya wapi pa kuanzia. Akalisoma lote, midomo ikitembea kama siku ile. Alirudi juu akalisoma tena.

"Anayetaka kuuza akifika hapa," alisema, "anaona ni kazi bure."

Akashusha kidole hadi kwenye maelezo ya pingamizi.

"Na aliyetaka kuzuia akifika hapa anakaa muda mrefu." Akanigeukia. "Alikaa muda mrefu siku ile?"

Hilo nililijua. Nilikuwa nimemwona mwenyewe, pale dirishani, ameinama. "Alikaa muda mrefu sana. Alisahau na chenji yake."

"Bosco? Chenji?" Alisema hivyo kwa sauti ya zamani, ile ya utani, kisha akajikamata. Akanirudishia simu. "Huu si ushahidi, fundi."

"Najua."

"Nenda, nyanya zinangoja." Nilipokuwa nimeshafika mferejini aliniita, nikarudi, akanijazia mfuko wa rambo nyanya na kuniambia nyingine nimpelekee Bi Rukia. Zaidi ya hapo hakusema.

Jumapili, nimesharudi Mbeya, sikula. Nilinyoosha viti vya duka mara nyingi kiasi kwamba mngekuwepo mngelia. Bosco alipiga simu jioni. Alisema Lameck aliingia kikaoni amechelewa, akapita mbele ya baba mdogo, akaja kukaa kwenye benchi alilokalia Bosco, bega kwa bega naye, bila kumsalimia. Baba mdogo alipomtaka aseme, alisimama akasema shamba haliuzwi, akakaa. Mnunuzi aliondoka kabla ya chai.

"Mmezungumza?" nilimuuliza.

"Bado. Ila aliponiona nashindwa kupata njia ya kutoka, akasema, 'Pisheni Mchwa apite.'"

Hawajawa kama walivyokuwa, msidanganyike. Kuna vitu ambavyo mimi nilivivunja kwa sentensi moja na safari nzima ya Mbeya hadi Kalenga haikuviunga. Ninaandika haya siku yangu ya mwisho kazini, na hata sasa nimeinuka kuhakikisha Mheshimiwa amefutwa.

Tangu siku zile za Iringa yamebadilika machache. Mashine zetu zote isipokuwa moja zinafungua Kisamvu, na mteja anaambiwa sababu kabla hajakaa. Anayeuliza nani alikuwa kwenye kiti kabla yake hajibiwi, hata akiwa mdogo wa mtu. Mfereji wa katikati umefukiwa, na shamba la mtoni linalimwa na ndugu wawili.